Daftari la Kikundi: Fedha na Mali
(Mazungumzo na vikundi vya Mghange)

Tumetoka ofisi ya hesabu, lakini msiogope, hatukuja kukamata mtu.

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Kikundi chetu kilimtuma mweka hazina Voi na sh. 24,000 anunue mabati ya stoo. Akarudi na mabati 20, risiti ya sh. 21,000 na chenji sh. 500. Je, zile 2,500 ziko wapi? Mama akasema pikapu ilichukua 2,200, kupitia Mwatate na Wundanyi mpaka huku juu, na vijana wa kupakia 300. Karatasi hana. Basi maneno yakaanza, mtoni na sokoni, mpaka akaacha kuja mikutanoni. Baadaye dereva mwenyewe alithibitisha: hakuiba hata senti. Lakini mama hakurudi, na mwandishi kama yeye hatujapata tena.

Dereva wa pikapu hatoi risiti, hilo twalijua. Ndiyo kazi ya vocha. Andika tarehe, kiasi, kazi iliyofanywa na jina lake, kisha atie sahihi au dole gumba pale pale. Ukimlipa kwa M-Pesa, nakili namba ya ule ujumbe daftarini siku hiyo hiyo. Simu hupotea.

Na wa kununua waende wawili. Waulize bei maduka matatu, waandike zote. Bei ya chini si lazima ishinde: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, kwa hiyo ulizeni geji kwanza ndipo mlinganishe bei.

Halafu mali. Viti na sufuria zikienda matangani, nani anazihesabu? Ni vigumu kumdai mfiwa sufuria, sisi pia tunaona haya. Kwa hiyo ziandikwe zinapotoka, na ajulikane jirani mmoja, si mfiwa, atakayezirudisha. Vipigwe namba kwa rangi.

Tangu 2022 kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii. Cheti chenu kiwekwe pamoja na madaftari, si nyumbani kwa mwenyekiti.

Haya, vitabu vya vocha tumeleta. Waweka hazina waje mbele, na wenyeviti wakae karibu nao, maana wao pia hutia sahihi. Tutaanza na kitu mlichonunua mwisho.