Anayetunza wagonjwa naye ana moyo

Mazungumzo na jamaa zilizohama na viongozi wao

Sisi ni wauguzi, wakunga na wahamasishaji wa afya. Wengi wetu tulikimbia pamoja nanyi. Asubuhi tunavaa nguo nyeupe, jioni tunarudi chini ya hema kama zenu.

Leo hatukuja kwa ajili ya kipindupindu wala chandarua. Tunazungumza juu ya moyo wa muuguzi.

Muuguzi aliyelemewa mnamjua. Anamfokea mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Hapati usingizi, au anaota yale aliyoyaona. Kichwa kinamuuma na vipimo havionyeshi kitu. Mwingine hunywa kanyanga kila jioni ili asahau. Mbaya zaidi ni yule ambaye huruma imemkauka: mgonjwa analia, yeye hasikii kitu. Watu husema ana kiburi, au amerogwa. Mara nyingi ni uchovu, na huzuni iliyokosa mahali pa kutokea.

Kumbukeni Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wauguzi walizika wenzao, na huku wakirushiwa mawe kwamba ndio walioleta ugonjwa. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa Butembo akiwa kazini.

Mzigo mzito kuliko yote ni siri. Mwanamke aliyebakwa anapaswa kufika kituoni kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Akifika, anaeleza yote. Muuguzi anayabeba maneno hayo mpaka nyumbani, wala hawezi kumwambia hata mume au mke. Kisha kiongozi anakuja: «Tupe majina, tuwaandike kwenye orodha ya msaada.» Tunajua wengi mnauliza kwa nia njema. Lakini muuguzi akikataa anatukanwa. Akikubali, mwanamke mwingine akisikia hatakuja tena. Tafadhali, msituulize majina.

Sisi wenyewe tunakutana mara moja kwa juma, saa moja, mlango umefungwa. Kila mtu anasema linalomlemea bila kumtaja mgonjwa, na asiyetaka kusema ananyamaza. Kitabu cha huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011, nacho kinaonya kwamba mtu asilazimishwe kusimulia. Muuguzi mmoja hubaki nje kwa dharura, kwa hiyo msidhani kituo kimefungwa.

Halafu kuna usiku. Mtuamshe kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye degedege, anayetoka damu nyingi, anayepumua kwa shida, anayeharisha maji mfululizo. Kikohozi cha majuma mawili kingoje asubuhi (lakini aje kweli, huenda ni kifua kikuu). Na aliyekesha kazini mwacheni alale mchana, msimwite mvivu.

Mkimwona muuguzi amebadilika, msimseme sokoni. Mwambieni msimamizi wa kituo kwa faragha. Akianza kusema afadhali afe, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mleteni kwetu siku hiyohiyo.