Mzee Akiinuka Kitini



Katika Samweli wa Kwanza, mlango wa 4, tunasoma habari za kifo cha Eli. Sisi wahubiri hukimbilia makosa ya wanawe, na mwili wa mzee mwenyewe tunaupita. Lakini mwandishi ameutaja: miaka 98, macho yasiyoona, uzito wake, na kiti alichokalia kando ya lango. Ilipofika habari ya kutekwa kwa Sanduku la Mungu alianguka chali, akavunjika shingo. Tabibu wa leo angeuliza karibu mambo hayo hayo.

Nasi tunawaona akina Eli wetu kila Jumapili ya Ushirika Mtakatifu. Kupiga magoti si kitu. Kuinuka ndiko kazi. Mmoja hushika bega la jirani, mwingine husukuma sakafu kwa mikono yote miwili. Tukimwuliza kama ameanguka, atasema hapana. Anajua kwamba akikubali, watoto watamkataza kwenda shambani, sokoni, na hata kanisani. Basi anaficha.

Si jambo dogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wazee, na zaidi ya asilimia 80 katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Iko njia ya kupima isiyotaka mashine. Mzee aketi kwenye kiti imara chenye mikono, amevaa viatu vyake vya kila siku, na mkongojo wake kama anao. Pimeni mita 3 mbele yake, mtie alama. Mwambieni ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, ageuke, arudi, aketi. Mmoja atazame saa. Mwingine awe karibu naye, asije akaanguka katika kupimwa! Ikifika sekunde 12 au zaidi, yuko hatarini. Tazameni pia anavyogeuka, na kama anatafuta ukuta. Kisha mwulizeni kwa upole, si mbele ya wajukuu, kama ameanguka mwaka uliopita. Aliyeanguka mara moja ni rahisi kuanguka tena.

Mpelekeni zahanati pamoja na dawa zake zote, kwa kuwa dawa za usingizi, na baadhi ya zile za shinikizo la damu, zaweza kumtia kizunguzungu. Asiziache mwenyewe, daktari ndiye aamue. Macho nayo yapimwe.

Liko jambo linalotusikitisha. Kwa upendo tunamwambia, "Nyanya, wewe kaa tu." Anakaa mwezi, anakaa miwili, na miguu iliyopanda vilima na mzigo wa kuni inalegea. Heshima ya namna hii ndiyo inayomwangusha. Mpeni mkono atembee. Ainuke kitini mara kadhaa kila siku, akishika meza.

Na usiku wa leo, mmoja wenu aipite ile njia ya kutoka kitandani pake hadi chooni, bila taa kama yeye anavyoipita, aone ndoo, mkeka na kizingiti vinavyomngoja.