Nilivyopata Kanisa Nikiwa Gando

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Nimeombwa nieleze jinsi nilivyopata imani. Wengine mtashangaa nikisema niliipata Gando, kisiwani Pemba, mahali ambapo karibu kila mtu ni Mwislamu.

Wenzangu wa bweni wanakumbuka kwamba hapa shuleni nilikuwa Mkristo wa jina tu. Nilibatizwa utotoni, lakini Jumapili nilijifanya mgonjwa ili nipate kulala. Mwaka 1983 nikapata kazi ya kufundisha Hisabati Gando, kijiji cha pwani katika wilaya ya Wete. Watu wake ni wema, lakini mimi nilikuwa mpweke. Jioni wenzangu walipokwenda msikitini, nilibaki barazani peke yangu. Baada ya miezi mitatu niliandika barua ya kuacha kazi, nikaiweka sandukuni nikingoja ujasiri wa kuipeleka.

Jirani yangu alikuwa mzee mvuvi. Jumamosi moja akaniuliza, "Mwalimu, kwenu hamsali?"

Nikajibu kwamba tunasali, ila kanisa liko mbali, Wete.

Akacheka. "Mbali ni Makka, na watu huenda. Kesho chukua baiskeli yangu."

Niliona haya kukataa. Wete nilikuta watu wasiozidi ishirini: askari, muuguzi, karani, akina mama na watoto wao. Padri hakuwapo, katekista ndiye aliyeongoza sala. Nilikaa benchi la mwisho, tayari kutoroka. Ibada ilipokwisha, bibi mmoja akanishika mkono. Hakuniuliza kabila wala dhehebu. Aliniuliza, "Umekula, mwanangu?" Mahubiri mengi niliyosikia nimeyasahau, lakini swali lile sijalisahau.

Nyumbani kwake, tukila muhogo na samaki, alinisimulia kwamba wazee wake waliletwa Pemba wakiwa watumwa. Ndugu zangu, mnajua kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake, Mkunazini, pakajengwa kanisa kuu. Lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali mashambani hadi amri ya mwaka 1897. Mwaka huohuo Wakristo wa Kikweka kutoka Uingereza, wakiongozwa na Theodore Burtt, walifika Pemba. Huko Banani, karibu na Chake Chake, waliwapa kazi ya mshahara watu walioachwa huru. Watu wale hawakuwa na ukoo wala kwao pa kurudi. Bibi alisema, "Kanisa ndilo lililokuwa ukoo wetu. Kwa hiyo mgeni hatumwachi mlangoni."

Mwaka uliofuata ilinifikia simu kwamba mama yangu amefariki, na tayari amezikwa. Wakristo wa Wete walikuja Gando kusali nami. Yule mzee mvuvi aliwatandikia majamvi barazani kwake, na wake wa majirani wakapika. Wao walikaa nje kimya hadi tulipomaliza sala zetu, kisha wakaingia kunipa mkono mmoja mmoja. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, niliomba kwa maneno yangu mwenyewe. Asubuhi nikaichana ile barua. Nilikaa Gando miaka tisa.

Yule mzee alibaki Mwislamu wa kweli hadi kufa kwake; nami, kwa baiskeli yake, nikawa Mkristo wa kweli. Sijaona kwamba mmoja wetu alipungukiwa.

Ninyi wanafunzi, najua katika kila bweni yuko mtoto mgeni anayekaa peke yake, kama nilivyokaa mimi. Msianze kwa kumhubiria. Mwulizeni kwanza kama amekula. Na ikiwa dini yake si yenu, mwonyesheni njia ya kwenda kusali kwao.