Chakula Kimfuate Mlaji Alipo

Hotuba ya Katibu wa Union katika Mkutano wa Maadhimisho ya Miaka Kumi



 Wazee walioianzisha Union hii wamekwisha kuwaelezeni habari za ghala, za mizani na za lori letu la kwanza. Mimi nimeagizwa kusema juu ya jambo dogo zaidi, yaani hoteli yetu ya chakula, na jinsi tulivyoanza kuwapelekea wateja chakula kwa mikono ya watu wetu wenyewe. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na mengi nitakayoyasema sikuyasoma darasani bali nimefundishwa na daftari la hasara. Basi naomba mnivumilie.

Mnakumbuka kwamba hoteli ile tuliifungua katika mwaka wa tatu wa Union. Nia yetu ilikuwa njema: mchele wa wanachama, maharage yao, ndizi zao na kuku wao vipate mahali pa kuuzwa bila kupita mikononi mwa walanguzi. Lakini nyumba yenyewe imejengwa kando ya ghala, mbali na soko, na mbali zaidi na ofisi za Serikali. Mwenye njaa ya saa sita mchana hawezi kutembea nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, akabakiwa na wasaa wa kutafuna. Kwa hiyo wapishi wetu walipika vizuri, na viti vikakaa vitupu. Kila jioni wali ulibaki, na kila mwisho wa mwezi hasara iliandikwa kwa wino mwekundu.

Katika mwaka wa sita palitolewa shauri katika Mkutano Mkuu kwamba hoteli ifungwe, na nyumba ipangishwe kwa mfanyabiashara. Siwalaumu waliotoa shauri hilo. Fedha zilizokuwa zikipotea zilikuwa zao, nazo zilitoka mashambani. Lakini mama mmoja mjumbe alisimama akasema, "Kama mlaji hawezi kukifuata chakula, mbona chakula hakimfuati mlaji?" Neno hilo ndilo lililozaa kazi ninayowaeleza leo. Mkutano ulitupa miezi sita ya kujaribu, na si zaidi.

Ndugu zangu, kupeleka chakula kwa watu wa kazini si jambo jipya duniani. Kule India, katika mji wa Mumbai, kazi hiyo ilianza kiasi cha mwaka 1890. Wachukuzi wao huchukua chakula kilichopikwa majumbani, wakakipeleka kwa wenyewe maofisini, kisha jioni wakavirudisha vyombo vitupu nyumba kwa nyumba. Wachukuzi hao walipata kufika kiasi cha 5,000, na wengi wao hawakusoma sana; lakini kila chombo hutiwa alama za rangi, tarakimu na herufi, ambazo humjulisha mchukuzi kituo cha treni, jengo na ghorofa. Nao si watumwa wa tajiri mmoja, kwani kazi ni yao na pato hugawana. Niliposoma habari hizo nilijiambia kwamba kama mtu asiyesoma sana aweza kufikisha chombo katika mji wa mamilioni ya watu, sisi hatuna udhuru katika mji wenye barabara nne.

Wako waliotushauri tungoje kampuni za simu, zile ambazo mlaji huagiza kwa kubonyeza, nazo huleta pikipiki yao. Shauri hilo tulilitazama kwa hesabu, wala hatukulitazama kwa chuki. Kampuni za namna hiyo aghalabu hukata sehemu ya bei ya chakula, na sehemu hiyo huweza kufika asilimia 30. Hata Marekani wenye mikahawa walilalamika, na mwezi wa Aprili mwaka 2020 mji wa San Francisco uliamuru makato yasizidi asilimia 15 wakati ule wa maradhi ya korona. Tena kampuni ni ya mwenyewe, huja apendapo na huondoka apendapo. Jumia iliacha biashara yake Tanzania mwezi wa Novemba 2019, na huduma yake ya chakula ikafungwa katika nchi zote zilizobaki, Kenya na Uganda zikiwamo, mwishoni mwa mwaka 2023. Mwenye mkahawa aliyekuwa hana njia nyingine aliamka siku ile hana miguu.

Sasa tazameni hesabu, maana hesabu ndiyo roho ya jambo hili. Tuseme sahani ya wali, maharage, nyama na mchicha huuzwa shilingi 4,000. Vitu vya kupikia vimekula shilingi 2,200. Moto, chombo na ujira wa jikoni shilingi 800. Imebaki shilingi 1,000. Mtu akikata asilimia 25 ya bei, amechukua shilingi 1,000 ile ile, na mkulima amebaki kunusa harufu ya wali wake. Lakini msidhani kwamba tarishi wetu wenyewe huenda bure. Tuseme safari moja ya pikipiki, kwa mafuta, ujira na uchakavu, ni shilingi 2,000. Akipeleka sahani moja tumepata hasara ya shilingi 1,000. Akipeleka mbili, tumetoka sare. Akipeleka sita upande mmoja, faida ni shilingi 6,000, toa 2,000 za safari, zimebaki shilingi 4,000.

Kwa sababu hiyo kanuni yetu ya kwanza ilikuwa hii: tarishi haondoki kwa sahani moja. Maagizo hupokelewa kwa simu mpaka saa nne asubuhi. Karani huyaandika katika daftari, huyagawa kwa pande tatu za mji, na kila upande una safari yake moja. Sahani tano kwenda mahali pamoja hazilipiwi nauli. Zikipungua, nauli ni juu ya mlaji, naye huambiwa mapema. Basi watu wa ofisi moja wakaanza kukusanyana wenyewe wapate kufika watano, na kazi ya kututafutia wateja wakawa wanaifanya wao.

Kanuni ya pili ni ya vyakula vyenyewe. Si kila chakula huvumilia safari. Chipsi hulegea njiani, na ugali hukauka usoni. Wali, pilau, maharage, ndizi za nyama na kuku wa mchuzi husafiri vizuri. Tuliondoa vyakula tisa katika orodha ya kupelekwa, tukabakiza vitano. Mpishi alinung'unika, lakini masufuria yalirudi matupu.

Kanuni ya tatu, na hii naomba isisahauliwe na mtu yeyote, ni usalama wa mlaji. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kitunzwe katika moto unaozidi digrii 60, wala kisiachwe katika hewa ya kawaida kupita saa mbili. Wali una hatari yake ya pekee. Mbegu za kijidudu kimoja hustahimili kupikwa. Wali ukipoa polepole huamka, huzaliana, na huacha sumu ambayo hata ukiupasha moto tena haiondoki. Kwa hiyo wali wa jana haupelekwi popote. Tulinunua hotipoti kubwa na masanduku yenye bitana, na chombo cha kupimia joto ambacho bei yake ni ndogo kuliko aibu ya mteja mmoja kuumwa tumbo. Mifuko ya plastiki hatutumii, kwani ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Tunatumia vyombo vya kurudishwa, vyenye namba, na tarishi havuki mlango bila kuchukua kile cha jana.

Mabwana na mabibi, sasa nafika mahali ambapo ningalipenda kupita haraka, lakini si haki. Halmashauri iliamuru tangu mwanzo kwamba chakula kitolewe kwa fedha taslimu au kwa malipo ya simu, na hakuna mkopo. Katika mwezi wa pili ofisi moja ya mjini, ambayo sitaitaja, iliniomba ipelekewe chakula kila siku na kulipa mwisho wa mwezi. Walikuwa walaji kumi na wanne. Mimi nilikuwa na tamaa ya kuonyesha idadi nzuri ya sahani, maana miezi sita ilikuwa ikiyoyoma. Nikakubali, bila kuiuliza Halmashauri. Mwisho wa mwezi nikaambiwa ningoje, na mwezi uliofuata nikaambiwa mhasibu amehamishwa. Deni lilifika shilingi 1,120,000. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikuwa nimekopesha mali isiyo yangu, na matanga yakaja kwangu.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti na daftari mkononi. Nilijua ya kuwa naweza kuondolewa kazini. Halmashauri ilinisikiliza, kisha ikaamua nikatwe sehemu ya mshahara kwa miezi minne, nami naona iliamua kwa haki. Mama yule mjumbe aliniambia, "Katibu, mchele ule si wa hoteli. Ni mgongo wa mtu." Deni lenyewe lililipwa kidogo kidogo, wala halikuisha lote.

Baadaye nilikumbuka kwamba jambo hili lilikwisha amuliwa zamani na wale tunaowaita baba zetu katika ushirika. Mwaka 1844, wafanyakazi 28 wa Rochdale kule Uingereza, wafumaji wakiwamo, walifungua duka dogo la unga, siagi, sukari na mishumaa. Walikuwa maskini, na wenye maduka wengi wakati ule walikopesha. Wao waliandika katika kanuni zao kwamba biashara iwe ya fedha taslimu, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuona vyama vingine vikiangushwa na madeni. Laiti ningaliisoma kanuni hiyo kwa moyo kama nilivyoisoma kwa mtihani wa mafunzo ya ukatibu!

Kosa jingine lilikuwa la sisi sote. Matarishi wetu watatu, ambao ni watoto wa wanachama, tuliwalipa kwa safari. Tulidhani tunawatia bidii. Kumbe tuliwatia mbio. Siku moja ya mvua kijana mmoja aliteleza kwenye kona ya daraja akavunjika mkono. Wali ulimwagika barabarani, na wateja wakapiga simu kuuliza chakula chao. Nilipofika hospitalini, baba yake hakunigombeza. Aliniuliza tu kama bima ya kijana wake imelipwa. Namshukuru Mungu ilikuwa imelipwa. Tangu siku hiyo matarishi hulipwa mshahara wa mwezi, huvaa kofia ngumu, wana leseni, na mvua ikizidi karani huwapigia simu wateja kwamba chakula kitachelewa. Chakula kikichelewa huombewa radhi. Kijana akifa, haombewi ila dua.

Je, kazi hii imetuletea nini? Sitawadanganya kwamba tumekuwa matajiri. Siku ya kwanza tulipeleka sahani tisa, na mbili zilikwenda kwa mtu ambaye hakuagiza. Lakini miezi sita ilipokwisha, sahani zilizokwenda nje zilikuwa zimezidi zile zilizoliwa mezani. Mwaka uliofuata hesabu ya hoteli ilifungwa bila wino mwekundu kwa mara ya kwanza. Shauri la kuipangisha nyumba liliondolewa na mjumbe yule yule aliyelitoa, naye leo ni mteja wetu wa kila Ijumaa. Tena vyama vya msingi vitatu vinatuuzia mchele na maharage kwa bei iliyotangazwa, na mkulima hulipwa siku anayopima.

Kwa vyama vitakavyopenda kuanza kazi kama hii, nina maneno machache. Msianze kwa kununua pikipiki. Anzeni kwa kuhesabu walaji walio katika upande mmoja, na baiskeli ya kukodi yatosha kwa majaribio. Msichukue mji mzima siku ya kwanza. Mwandikeni mtu mmoja wa kupokea simu, mwenye mwandiko mzuri na ulimi wa adabu, kwani mteja humjua yeye kabla ya kumjua mpishi. Na kila jioni linganisheni mambo matatu: sahani zilizotoka jikoni, vyombo vilivyorudi, na fedha zilizoingia. Yakitofautiana, msilale. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Bwana Mwenyekiti, namalizia. Katika miaka kumi hii tumejifunza kuuza mavuno yetu ghalani, kisha tukajifunza kuyapika, na sasa tunayapeleka mpaka mezani pa mtu. Kila hatua imetuongezea faida, na imetuongezea pia amana. Nawaomba wanachama mwendelee kutukagua bila haya, maana Katibu anayeulizwa hesabu hukosa mara chache kuliko Katibu anayesifiwa. Mungu aibariki Union yetu, abariki jembe la mkulima na mikono ya mpishi, na awafikishe salama vijana wetu walio njiani mchana huu, kwani hata sasa ninaposema, chakula cha mkutano huu kinakuja, nacho kimekwisha kulipiwa.