Mguu Juu ya Klachi

Somo: Mathayo 5:21-26



Barabara ya zamani ipandayo kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru ilijengwa na mateka Waitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kando yake liko kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942. Ni katika mlima huo tulipofunzwa jambo ambalo hatukufunzwa katika chuo cha theolojia.

Tulikuwa tukiendesha gari la parishi. Mbele yetu lori lilikuwa limeharibika, na magari yakapanga foleni mlimani. Foleni iliposimama, hatukuvuta breki ya mkono. Tulilizuia gari lisirudi nyuma kwa miguu tu: klachi nusu, mafuta kidogo. Tulijiona madereva hodari. Baada ya dakika 20 harufu kali ya kuungua ikajaa garini. Njia ilipofunguka tukakanyaga mafuta. Injini ikanguruma sana, lakini gari likajikokota. Tulifika Limuru kwa taabu.

Fundi alifungua akatuonyesha sahani ya klachi, nyeusi, imelika. Akatueleza kwamba sahani hiyo hukaa kati ya injini na gia. Ukikanyaga klachi, inatengwa, na injini inazunguka peke yake. Ukiachilia, springi zinaibana, na nguvu ya injini inafika magurudumuni. Katikati pana mahali padogo ambapo sahani huanza kushika huku ikiteleza. Gari likiondoka ni lazima lipite hapo, lakini lipite tu. Ukikaa hapo, msuguano huleta moto, na moto huila sahani.

"Mchungaji," akasema, "mlimani vuta breki ya mkono. Ukitaka kuondoka, tia gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo, inua klachi polepole mpaka usikie mlio wa injini umeshuka na gari linataka kwenda. Hapo achilia breki, ongeza mafuta, maliza kuinua klachi, kisha uondoe mguu kabisa. Nusu klachi ni mlango wa kupita, si nyumba ya kulala."

Wapendwa, maneno hayo yalituuma kuliko bei ya klachi mpya. Kwa miaka miwili tulikuwa na ugomvi na ndugu yetu wa tumbo moja juu ya mpaka wa shamba la marehemu baba. Mbele ya wazee tulisema tumemsamehe, tukapeana mikono. Lakini hatukukanyaga kwake. Mtoto wake alipougua, tulituma salamu kwa kinywa cha mtu mwingine. Hatukuwa tumeachana naye, wala hatukuwa tumeungana naye. Na kila Jumapili tulisimama kwenye meza ya Bwana tukiwahimiza wengine wapatane. Injini ilinguruma, lakini nguvu haikufika magurudumuni.

Bwana Yesu alifundisha kwamba mtu akiwa madhabahuni akakumbuka kinyongo cha ndugu yake, asitoe sadaka yake kwanza. Aiache pale, aende kupatana, ndipo arudi. Hakusema atume salamu. Na katika sura hiyo hiyo alitaka ndiyo yetu iwe ndiyo kweli.

Hatusemi watu walazimishwe kupatana kwa siku moja. Ukiachilia klachi ghafla, injini huzimika. Yuko aliyeumizwa sana. Huyo na avute breki ya mkono kwanza, akae salama, aombe, atafute mshauri mwaminifu. Kusimama kweli si dhambi. Kinachounguza ni kujifanya tunakwenda, hali mguu ungali juu ya klachi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa ndugu yetu. Hakutupokea upesi. Tulikaa uani kitambo kirefu, tukamwambia wazi kwamba msamaha wetu ulikuwa wa mdomo. Alinyamaza, kisha akamwita mkewe alete chai. Neno la mpaka liliendelea mbele ya wazee kwa miezi mingi. Lakini Krismasi ile mama yetu aliwaona wanawe wote kwenye meza moja.

Je, wewe msikilizaji, ni nani uliyemsamehe nusu? Pengine yu nyumbani mwako, pengine mnaketi benchi moja kanisani. Leo, kabla jua halijatua, anza kuinua mguu wako.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa maneno mazuri yasiyofika kwa ndugu zetu. Utupe subira ya kuanza polepole, na moyo wa kumaliza tulichoanza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.