Panya Mwenye Siko Seli



Jumapili iliyopita jirani yangu mmoja alibisha hodi kwangu akiwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Baada ya salamu alikikunjua mezani, akanionyesha habari fupi iliyosema kwamba tiba ya siko seli imepatikana ng'ambo, na kwamba yote yalianzia kwa panya. Jirani huyu ana binti wa miaka tisa mwenye ugonjwa huo. "Kaka," akaniuliza, "hili la panya ni kweli, au ni mambo ya magazeti tu? Maana nina kiwanja kule Chanika. Kama ni kweli, nakiuza."

Nilimwomba anipe wiki moja. Leo namjibu, na kwa kuwa najua hayuko peke yake, namjibu mbele yenu.

Tuanze na huyo panya. Mwili wa panya, kama wa mwanadamu, huendeshwa kwa maagizo ya urithi ambayo wataalamu huyaita jeni. Sisi tunazo jeni zipatazo 20,000, na panya naye anazo idadi inayokaribiana na hiyo. Tena nyingi zinafanana na zetu, kuliko ambavyo mtu angependa kukiri anapomfukuza panya stoo. Taabu ni kwamba kuisoma jeni hakukuambii kazi yake. Ni nani kati yetu aliyewahi kufikiri sana juu ya kazi ya konda, mpaka siku ile dereva wa daladala alipotoka kituoni peke yake? Nauli haikukusanywa, mlango haukufungwa, na bibi mmoja akapitishwa kituo chake. Ndipo tukajua konda ni nani. Basi na wataalamu hufanya vivyo hivyo: huizima jeni moja kwa panya, kisha hukaa wakatazama ni nini kitakachoharibika.

Kusema ni rahisi. Huchukuliwa seli za mimba ya panya ya siku chache tu, seli ambazo bado hazijaamua kuwa ini, mfupa au ngozi. Ndani yake huingizwa nakala ya jeni iliyoharibiwa makusudi, na katika seli chache mno nakala hiyo hukaa mahali pa ile nzima. Hizo chache husakwa, zikatiwa ndani ya mimba nyingine changa, nayo ikapandikizwa katika tumbo la panya jike. Baada ya wiki tatu hivi huzaliwa vitoto wenye mabaka. Mabaka yale yana maana, kwa sababu seli huchukuliwa kwa panya wa rangi moja na mimba kwa panya wa rangi nyingine, ili jicho tu litosha kuonyesha kama kazi imekubali. Panya hao huzalishwa tena, na katika wajukuu hupatikana yule asiye na jeni hiyo mwili mzima.

Panya wa kwanza wa namna hii walitangazwa mwaka 1989. Waliofungua njia hiyo ni Mario Capecchi na Oliver Smithies wa Marekani, pamoja na Martin Evans wa Uingereza, nao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2007. Capecchi alipoomba fedha za jaribio hili mwaka 1980, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilimwambia kwamba wazo hilo halifai kufuatwa. Akalifuata hivyo hivyo, kwa fedha alizopewa kwa kazi nyingine. Alipoomba tena miaka minne baadaye, walimwandikia kwamba wamefurahi hakusikiliza ushauri wao. Sijui ni ofisi ngapi za serikali, kwetu au kwao, zenye ujasiri wa kuandika barua kama hiyo.

Sasa tuje kwenye siko seli, au selimundu kama inavyoitwa siku hizi. Ugonjwa huu ni wetu kabisa. Ni Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, aliyegundua kwamba watu wenye urithi wa siko seli kutoka kwa mzazi mmoja ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu zisizo na mbu wengi. Mwaka 1954 aliandika kwamba urithi huo humkinga mtu na malaria. Anayeurithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua: chembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na hapo ndipo yanapokuja yale maumivu ambayo jirani yangu hukesha nayo. Inakadiriwa kwamba Tanzania peke yake huzaliwa watoto wapatao 11,000 wa namna hii kila mwaka. Si laana, si kurogwa, wala si kosa la mama peke yake kama mawifi wengine wanavyopenda kusema. Baba naye alitoa nusu yake.

Lakini panya haugui siko seli. Damu yake si damu yetu. Ilibidi wataalamu wamzime kwanza jeni zake mwenyewe za kutengeneza hemoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachobeba hewa katika damu, kisha wampe za binadamu mgonjwa. Mwaka 1997 timu mbili za Marekani, moja ya Berkeley na nyingine ya Birmingham huko Alabama, zilitangaza kwa wakati mmoja kwamba zimempata panya ambaye chembe zake za damu hupinda na bandama lake huvimba, kama mtoto wa Mwananyamala. Namwonea huruma panya huyo. Nawaonea huruma zaidi watoto.

Hapo sasa ndipo utamu wa habari ulipo. Kina mama wa watoto hawa wanalijua jambo moja ambalo mimi nilikuwa silijui: mtoto huzaliwa mzima, hunyonya, hucheka, na katika miezi ya mwanzo huna dalili ya kukuambia ni mgonjwa. Daktari Janet Watson wa Brooklyn aliliandika hili mwaka 1948. Sababu ni kwamba mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, ambayo haipindi. Akishazaliwa, mwili huifunga ile ya utotoni na kufungua ya utu uzima, na ugonjwa huingia kwa mlango huo. Wako watu ambao kwa bahati ya urithi hemoglobini yao ya utotoni haifungwi yote. Mashariki ya Saudi Arabia, kwa mfano, wagonjwa wengi wanayo nyingi, na ugonjwa wao ni mwepesi. Swali likawa: ni nani anayeufunga mlango huo?

Mnamo miaka ya 2007 na 2008 uchunguzi wa damu za watu wengi ulielekeza kidole kwenye jeni moja yenye jina lisilotamkika vizuri, BCL11A. Kuelekezwa kidole si kuthibitishwa. Tena panya aliyezimwa jeni hiyo mwili mzima alikuwa ameshajulikana tangu mwaka 2003, na habari zake zilikuwa mbaya: hufa punde baada ya kuzaliwa, kwa maana jeni hiyo ina kazi nyingine mwilini. Mtu mwenye haraka angeachia hapo. Wataalamu wa Boston wakatengeneza panya mwenye siko seli ambaye jeni hiyo imezimwa katika chembe nyekundu za damu tu, sehemu nyingine zote ikaachwa ifanye kazi. Mwaka 2011 wakatoa matokeo. Panya wale walikuwa na ugonjwa kamili katika urithi wao, lakini damu haikupinda, upungufu wa damu ulikwisha, bandama likarudi hali yake. Kuzima jeni moja, mahali pamoja, kulitosha.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 2019 Victoria Gray, mama wa Mississippi, alitibiwa huko Nashville kwa kutolewa seli za uboho, seli hizo zikakatwa pale panapoiamrisha BCL11A ifanye kazi katika damu, kisha akarudishiwa. Mashambulizi ya maumivu yakakoma. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba hiyo kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea.

Kwa hiyo, dada yangu, habari ile ni kweli. Na sasa nakuomba usiuze kiwanja.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Chanika yote haifiki huko. Juu ya bei hiyo, mgonjwa hupewa dawa kali za aina ya zile za kansa ili uboho wa zamani uondoke, hulazwa kwa wiki kadhaa katika hospitali yenye vifaa vya pekee, na huenda asipate uzazi baadaye. Napata uchungu hapa, na sioni sababu ya kuuficha. Wagonjwa walio wengi kabisa duniani wako Afrika, na tiba imepangiwa bei kana kwamba Afrika haimo kwenye ramani. Tusimlaumu panya kwa hilo.

Ila uko upande mwingine ambao kile kipande cha gazeti hakikuugusa. Ipo dawa ya vidonge, haidroksiurea, iliyoidhinishwa Marekani kwa watu wazima tangu 1998. Haiponyi. Lakini nayo huiongeza ile hemoglobini ya utotoni, kwa njia yake yenyewe. Mwishoni mwa 2018 yalitangazwa matokeo ya watoto zaidi ya 600 walioitumia Angola, Kongo, Uganda na Kenya, kule Kilifi. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua. Humezwa kila siku, na inahitaji damu ipimwe mara kwa mara kwa kuwa ikizidi hupunguza chembe nyeupe. Kwa hiyo isinunuliwe kichochoroni. Ni ya daktari kuandika na kufuatilia.

Nilimweleza jirani haya jana jioni, kabla sijaja studio. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza jina la dawa linaandikwaje. Nikamwandikia nyuma ya daftari la kliniki la binti yake, kwa herufi kubwa. Zamu yao ni Jumatano.