Setilaiti Iliyoitwa Uhuru

 

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, roketi iliruka kutoka baharini karibu na Malindi, kwenye jukwaa la Waitalia lililosimama majini, liitwalo San Marco. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani, isiyofika kilo 150. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa mama mmoja, Marjorie Townsend, naye kwa heshima ya wenyeji na ya siku ile akaipa jina la Uhuru. Ninyi wazazi mnaosema hesabu si kazi ya binti, lisikieni tena jina hilo: Marjorie Townsend.

Setilaiti hiyo ilitumwa kutafuta eksirei. Wengi wetu neno hilo tumelijua hospitalini: kifua kinakusumbua, unaambiwa ushike pumzi, na yaliyofichwa na nyama yanaonekana kwenye picha. Miale ya namna hiyohiyo hutoka katika nyota za mbali, penye joto la mamilioni ya digrii. Lakini haitufikii, kwa maana hewa huimeza yote. Hewa iliyo juu ya vilima vyetu ina uzito kama wa maji yenye kina cha zaidi ya mita nane, nasi tunatembea chini yake bila kuihisi.

Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi iliyokaa juu ya hewa kwa dakika chache tu, wakagundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya jua na sayari zake. Dakika chache! Uhuru ilikaa huko zaidi ya miaka miwili, ikijizungusha polepole kama mlinzi anayegeuza uso huku na huku. Vyanzo 339 viliandikwa kutokana na kazi yake. Kimoja, katika kundi la nyota la Cygnus, kilimetameta upesi mno, na leo wataalamu wanakubali kwamba ni shimo jeusi, lenye uzito wa jua letu mara 21 hivi. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Vijana wetu huuliza: Mchungaji, mbona Mungu aliyaficha hayo yote? Swali ni jema, wala hatuwakemei. Tunawajibu hivi: kilichotuzuia kuona ndicho kilichotulinda. Mpiga picha wa hospitali hujificha nyuma ya ukuta. Sisi, pamoja na migomba na majani chai yetu, tungejificha wapi? Hatusemi kwamba kila fumbo ni kinga. Mama aliyezika mtoto hatutamjibu kwa habari za hewa. Tutakwenda kuketi naye. Bali kijana anayeogopa kwamba kuchunguza ni kumvunjia Mungu mlango, na aangalie walivyofanya watu hawa. Hawakukiondoa kifuniko, walipanda juu yake, nacho kikabaki mahali pake, kikitufunika.

Kazi ya setilaiti ilikoma Machi 1973. Mwaka 1979 ilishuka, ikaungua katika hewa hiyohiyo.